Kiasi cha Bunduki: Msamiati wa Kushindilia Silaha kwa Mkono na Historia ya Nyanda za Juu Kusini

1.0 Utangulizi



Neno kiasi halihitaji kufafanuliwa mbele ya hadhira hii. Mpishi hutia chumvi kwa kiasi, mnunuzi sokoni huuliza bei ni kiasi gani, na mtu anayejizuia katika kula, kunywa na kusema husifiwa kuwa ni mtu mwenye kiasi. Hata hivyo, kamusi za karne ya 19, kama ile ya Edward Steere, zina maana nyingine ya neno hili ambayo wengi wetu tuliokusanyika hapa Ilomba hatujapata kuisikia. Zamani watu walisema kiasi cha bunduki, na wingi wake viasi, wakimaanisha baruti na risasi iliyopimwa na kuandaliwa kwa ajili ya mpigo mmoja. Leo mpigo huo mmoja tunauita risasi tu, na neno kiasi limeondoka katika uwanja wa silaha.

Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kwamba kuondoka kwa neno hilo ni ushahidi wa kihistoria. Hoja yangu ni kwamba msamiati wa kushindilia bunduki kwa mkono ulitokana na kipindi ambacho mpigaji mwenyewe ndiye aliyekuwa mtengenezaji wa mpigo wake. Kipindi hicho kilipokwisha, mamlaka juu ya kipimo yalihama kutoka mkononi mwa mpigaji na kwenda kiwandani, ng'ambo ya bahari. Uhamisho huo ulichangia kuamua hatima ya watu wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Mbeya. Nitaanza na maneno yenyewe, kisha nitayapeleka katika historia, na mwisho nitaeleza kwa nini ni lazima tuyakusanye sasa.

2.0 Maneno ya kazi

Maneno mengi ya silaha katika Kiswahili yalikuja pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Bunduki na risasi ni maneno ya asili ya Kiarabu. Risasi kwa asili ni jina la madini, yaani metali laini na nzito inayoyeyuka kwa moto wa kawaida, na ndiyo maana tunasema pia bomba la risasi bila kufikiria vita. Kiasi nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kipimo. Baruti ni neno lililosafiri katika lugha nyingi za mashariki. Kwa upande mwingine, Kiswahili kilitumia rasilimali zake chenyewe. Mzinga ulikuwa gogo lililotobolewa ndani kwa ajili ya nyuki; mzungumzaji alipouona mtutu mkubwa wa chuma ulio wazi ndani, hakuhitaji kukopa jina.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mwenye gobore aliisimamisha silaha yake, kitako kikiwa chini na mdomo ukiwa juu. Alimimina baruti iliyopimwa, akatia kitambaa au nyuzi za gome la mti, akashindilia kwa mdeki, yaani ufito mrefu unaoingia mtutuni. Kisha alitia risasi ya duara, au marisau ambayo ni punje ndogondogo, au vipande vya chuma kama risasi hakuwa nayo, akashindilia tena. Ikiwa bunduki yake ilikuwa ya gumegume, jiwe liligonga chuma likatoa cheche zilizowasha baruti kidogo iliyowekwa kando ya tundu. Ikiwa ilikuwa ya aina iliyofuata, alivisha fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kinapogongwa.

Katika mfuatano huo wote, jambo gumu lilikuwa kipimo. Baruti ikipungua, risasi ilianguka karibu na mnyama akakimbia au akageuka kumvamia mwindaji. Ikizidi, mtutu ulipasuka, na aliyeumia wa kwanza alikuwa mpigaji. Hapa ndipo tunapoona kwa nini wazee waliita mpigo mmoja kiasi. Hawakuupa jina la chuma kilichoruka wala la moto uliotoka. Waliupa jina la uamuzi uliotangulia. Neno lilelile linalotaja mtu mwenye kujizuia lilitaja kitu kinachoua. Sidhani kwamba hilo ni sadfa tupu, kwa sababu mtu asiye na kiasi hakuweza kukaa na gobore muda mrefu akabaki na vidole vyake.

Neno kushindilia pia lina mafunzo. Maana yake ni kubonyeza kitu kwa nguvu mpaka kikae imara ndani ya kingine. Kupakia bunduki kulikuwa kazi ya mkono na bega, nayo ilichukua muda. Mtu aliyekwisha kupiga mara moja alikuwa, kwa muda huo, mtu mwenye fimbo. Mbinu zote za vita za kipindi hicho zilijengwa juu ya pengo hilo kati ya mpigo na mpigo.

3.0 Silaha zilivyofika nyanda za juu

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Zanzibar ilikuwa lango la silaha zilizoingia Afrika Mashariki. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili bunduki zao mara kwa mara, na zile zilizoachwa ziliuzwa kwa bei ndogo. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka. Hata tukiyapunguza makadirio hayo kwa nusu, bado ni bunduki nyingi mno kwa misafara iliyotembea kwa miguu.

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, ni miongoni mwa maandishi muhimu ya kipindi hicho. Yeye mwenyewe alieleza kuwa jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake, ingawa wengine walisema lilitokana na kupepesa kwa macho yake. Kwa mwanaisimu, maelezo yake ni ya thamani: mlio wa silaha umekuwa jina la mtu.

Katika nchi tunayokaa sasa, silaha hizo zilikuta mapambano ambayo tayari yalikuwepo. Wahehe na Wasangu waliwania maeneo yaliyo kati ya Iringa na Mbeya. Konseli James Frederic Elton alipofika kwa Merere, mtawala wa Wasangu, mwaka 1877, alimkuta katika vita na Wahehe. Baadaye makao ya watawala wa Wasangu yalihamia Utengule, katika nchi ya Wasafwa, magharibi ya hapa tulipo, wakajenga ngome yao huko. Iringa nayo ilipata jina lake kutokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Kusini ya Mto Songwe, huko Karonga, mfanyabiashara Mlozi alipigana na Kampuni ya Maziwa ya Waskoti kuanzia mwaka 1887 hadi 1889. Kwa hiyo mtu wa nyanda hizi aliweza kuifikia baruti kwa njia mbili, ile ya pwani na ile ya Ziwa Nyasa, na pande zote mbili alikutana na Kiswahili.

Jambo la kusisitiza ni kwamba gobore halikumfunga mtumiaji wake kwa mwuzaji kikamilifu. Ni kweli kwamba baruti ililetwa na wafanyabiashara. Lakini chuma kilikuwepo. Wafipa, Wanyiha, Wakinga na Wapangwa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha na kufua chuma. Mhunzi aliyeweza kufua jembe aliweza kuunga mtambo uliovunjika na kukata vipande vya kupakia. Hata baruti yenyewe si siri ya taifa moja. Viambato vyake, yaani shura, makaa na kibiriti upele, vimetajwa kwa majina katika kamusi za Kiswahili za zamani.

4.0 Mstari uliochorwa Brussels

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini mkataba huko Brussels. Mkataba huo unakumbukwa kwa vifungu vyake vya kupinga biashara ya watumwa, lakini ulikuwa pia mkataba wa silaha. Ulizuia kuingiza silaha katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na latitudo ya 22 Kusini, eneo linalojumuisha nchi yetu yote. Kisha ukaweka upendeleo maalumu: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa chini ya usimamizi wa maghala ya serikali.

Tuutafsiri mstari huo katika msamiati wetu. Gumegume iliruhusiwa. Bunduki mpya yenye kupakiwa kwa nyuma, pamoja na risasi zake za ganda la shaba, ilizuiwa na kubaki mikononi mwa serikali za kikoloni na majeshi yao. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba tofauti kati ya silaha hizo mbili haikuwa ya ubora tu. Mwenye gumegume alipiga mara moja, akasimama kushindilia. Mwenye bunduki mpya aliingiza mpigo uliokwisha kutengenezwa, akaingiza wa pili na wa tatu, hata akiwa amelala chini. Ndani ya ganda moja la shaba, kiwanda kilikuwa kimeunganisha fataki, baruti na risasi. Yale maneno matatu ya kazi yalimezwa na kitu kimoja, na kitu hicho kikaitwa kwa jina la sehemu yake moja tu: risasi.

5.0 Kutoka Lugalo hadi Mlambalasi

Barabara kuu inayopita hapa Ilomba ikielekea Dar es Salaam hupita Iringa na, mbele kidogo ya mji huo, hupita karibu na Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mtwa Mkwawa liliuvamia msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Wahehe wengi walikuwa na mikuki. Msafara ulikuwa na bunduki za kupakia kwa nyuma na mizinga. Lakini ulishtukizwa ukiwa katika mstari mrefu, kwa umbali mdogo mno, na askari walipata nafasi ndogo sana ya kufyatua. Zelewski aliuawa, na Wahehe waliteka bunduki takriban 300 pamoja na mizinga mitatu.

Ushindi huo umeelezwa mara nyingi, na kwa haki. Ninachotaka kukiongeza ni suala la kiasi. Bunduki zilizotekwa hazikuweza kulishwa kwa baruti ya pembeni na vipande vya mhunzi kama gobore. Kila moja ilidai risasi ya umbo na kipimo chake, na kipimo hicho kilikuwa Ujerumani. Kila risasi iliyopigwa ilikuwa imetoka katika akiba isiyokuwa na njia ya kujazwa isipokuwa kwa kuteka tena. Ganda la shaba lililotumika laweza kujazwa upya, lakini kwanza sharti lipate fataki mpya, na fataki ni zao la kemia ya kiwandani. Mhunzi hodari kuliko wote wa Ukinga asingeweza kuifua juu ya fuawe.

Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na kuiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana porini kwa takriban miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alipokaribia kukamatwa alijipiga risasi. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Sisemi kwamba uhaba wa risasi ndio uliomshinda Mkwawa; njaa, kuteketezwa kwa vijiji na kugawanywa kwa watu wake vilikuwa na uzito mkubwa. Ninasema kwamba miongoni mwa mizani zilizomwelemea, mmojawapo ni huu: adui yake alitengeneza viasi, naye aliweza kuviteka tu. Wahenga walisema mtumai cha ndugu hufa maskini. Anayetumaini cha adui yuko katika hali mbaya zaidi.

6.0 Maji na baruti

Miaka saba baadaye, mwaka 1905, vilizuka Vita vya Maji Maji. Mafundisho ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalienea kutoka Umatumbi mpaka nyanda hizi. Agosti 1905 wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakaangushwa na bunduki za rashasha. Septemba mwaka huohuo Wabena waliushambulia misheni wa Yakobi, karibu na Njombe. Imani ilikuwa kwamba dawa ingeigeuza risasi kuwa maji.

Wanahistoria wamekwisha kueleza mizizi ya kidini na ya kisiasa ya imani hiyo, nami siongezi neno hapo. Ninatoa pendekezo dogo la kilugha. Katika ulimwengu wa gobore, maji na baruti ni maadui wanaojulikana. Baruti iliyolowa haiwaki. Mvua ikinyesha juu ya mtambo wa gumegume, bunduki inakuwa gogo. Kila mwindaji aliyefunika mtambo wake kwa ngozi alijua kwamba maji hushinda bunduki. Hivyo tamko kuhusu maji na risasi halikuingia katika masikio matupu. Liliingia katika masikio ya watu ambao uzoefu wa miongo kadhaa uliwaambia kwamba jambo hilo lina msingi. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba baruti ya askari ilikuwa imefungwa ndani ya shaba, ambamo maji hayakupenya kwa urahisi. Uzoefu wa silaha ya zamani haukutosha kuisoma silaha mpya. Anayewacheka wapiganaji wale kuwa walikuwa wajinga hajui historia ya baruti.

7.0 Kipimo kilichobaki mkononi kwingineko

Inafaa tulinganishe na mahali ambapo mpigaji hakunyang'anywa kipimo chake. Nchini Marekani, raia wengi wameendelea mpaka leo kujaza upya maganda ya risasi nyumbani, wakiwa na mizani ndogo na mashine ya kubana ya mezani. Mfano maarufu ni bastola kubwa za silinda zinazoitwa magnum. Neno hilo ni la Kilatini, maana yake kubwa, na kabla ya kuingia katika silaha lilikuwa jina la chupa kubwa ya mvinyo. Kwa hiyo hata huko, jina la risasi lilitoka katika msamiati wa ujazo na kipimo.

Elmer Keith, mfugaji na mwindaji wa Idaho, alikuwa akijijazia risasi zake mwenyewe. Mwaka 1925 bastola yake ya kaliba ya .45 ilipasuka silinda kwa mpigo mkali. Akahamia kaliba ya .44, ambayo kuta za silinda yake zilikuwa nene zaidi, akaendelea kujaribu kwa takriban miaka 30 na kuandika magazetini juu ya aliyoyaona. Mwaka 1955 viwanda vya Remington na Smith & Wesson vilitoa risasi na bastola ya .44 Magnum, ambayo ilifuata njia iliyofunguliwa na yeye na wenzake. Hapo kiwanda kilijifunza kwa mtu wa mezani. Silinda iliyopasuka na mtutu wa gobore uliopasuka vinatoa somo lilelile juu ya kiasi, lakini historia zake ni tofauti. Keith alikuwa na duka la fataki mjini na gazeti la kuchapisha majaribio yake. Mhunzi wa Ukinga alikuwa na mkataba wa Brussels juu ya kichwa chake.

Siyasemi haya ili kumshawishi mtu yeyote kutengeneza silaha. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha na risasi bila kibali, na magobore ya siri yameua watu na wanyamapori wengi. Nchi yetu sasa ina Shirika la Mzinga huko Morogoro linalotengeneza risasi kwa niaba ya umma, na jina lake ni neno lilelile la gogo la nyuki tulilolitaja mwanzoni.

8.0 Maneno yalikokwenda

Maneno ya kazi iliyokufa hayakufa yote. Kushindilia kumehamia katika chakula na mizigo. Anayesimama kando ya barabara hapa Ilomba ataona abiria wakishindiliwa ndani ya daladala. Kufyatua kumekwenda kwa mafundi wa matofali. Gumegume, bunduki iliyoshindwa na wakati, limekuwa jina la mtu asiyefaa kitu. Fataki lilibaki katika sherehe, na mwishoni mwa miaka ya 2000 kampeni ya redio nchini Tanzania ililifanya kuwa jina la mwanamume mtu mzima anayewaharibu wanafunzi wa kike. Kijana anayelitumia neno hilo anataja, bila kujua, kikofia cha shaba kinacholipuka kikiguswa.

Hasara iko kwa yale yaliyopotea kabisa: mdeki, viasi, marisau. Mtafiti chipukizi akikutana na hati ya zamani inayosema mtu fulani amebakiwa na viasi vitatu, atatafsiri kuwa ni vipimo vitatu, pengine vya nafaka. Sentensi inayomtaja mtu aliyezingirwa akiwa na mipigo mitatu iliyosalia itasomeka kama habari ya chakula. Hivyo ndivyo historia inavyopotea mbele ya macho yetu ilhali karatasi bado ipo.

9.0 Hitimisho

Ninahitimisha kwa mapendekezo matatu. Kwanza, kamusi zetu za Kiswahili zisifute maana za kale kwa sababu tu hazitumiki; ziziweke na kuzitia alama ya ukale. Pili, wanafunzi wa isimu waende kwa wazee wa Usangu, Uhehe, Usafwa na Ukinga, wakayakusanye majina ya sehemu za gobore, ya kazi ya mhunzi na ya uwindaji, katika Kiswahili na katika lugha za huko. Ng'ambo ya mpaka, Kichewa huita bunduki mfuti. Tukijua ni wapi neno hilo linaishia na wapi bunduki linaanzia, tutaweza kuchora ramani ya njia za biashara ambazo hakuna karani aliyeziandika. Wazee waelezwe wazi kwamba kinachotafutwa ni maneno, ili wasiogope kusema. Tatu, walimu wa historia na walimu wa Kiswahili wafundishe kipindi hiki kwa pamoja, kwa maana nusu ya ushahidi wake umo ndani ya lugha.

Waliotutangulia waliupa mpigo wa bunduki jina la kipimo. Walijua kwamba anayepima ndiye mwenye nguvu, na kwamba asiyepima huumia wa kwanza. Sisi tuliopokea lugha yao tuna wajibu wa kulitunza jina hilo pamoja na maana yake.